Kushoto Kwako Kulikuwa na Nafasi

Mama,

Kabla hujaendelea kusikiliza, weka kwanza zile waya za masikioni. Sitaki yule dada wa ndani ya simu asome maneno yangu kwa sauti mama yako akiwa karibu, maana yeye bado hajajua. Nitamwambia mwenyewe. Lakini wewe ndiye unayepaswa kujua kwanza, na ulipaswa kujua zamani.

Nimeandika kwa sababu nikijaribu kusema kwa mdomo nitabadilisha njiani. Unanijua. Naanza jambo moja vizuri, nikisikia umenyamaza naogopa, naligeuza likawa lingine lenye sukari kidogo. Simu haigeuzi. Itakusomea nilivyoandika, hata kama inatamka jina lako, Moraa, vibaya, nawe umeshazoea kuicheka.

Mmeenda kwa akina Mama Wambui kuombewa safari, na mimi nilisema nina zamu. Sina zamu. Niko Industrial Area ya hapa Doha, ndani ya basi la kampuni, kwenye kiti changu cha dereva. Vijana nimeshawashusha kambini kwao, na basi limebaki na harufu yao ya saruji na jasho. Mlinzi wa geti, yule Mganda, alikuja kuniuliza kama injini imekufa. Nikamwambia naandikia mtoto anayeondoka kesho. Akasema, "Basi andika, ssebo. Mimi sijakuona." Kwa hiyo naandika kwa vidole gumba, na makosa utayavumilia.

Mambo ya sweta, ya dawa, ya kutokula vitu usivyovijua kabla ya mbio, mama yako ameshayasema na kesho kwenye gari atayarudia yote. Hayo mimi nayaruka.

Jana ulikuwa jikoni ukiongea na Kevo, huyo kijana wa Nairobi atakayekuwa mwelekezi wako kwenye timu, akuonee njia mkikimbia. Simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu mikono yako ilikuwa na unga. Nilikuwa nimesimama koridoni na kikombe changu. Ulijua niko pale, maana baadaye uliniuliza kama ile chai ilipoa. Ilipoa.

Nilikusikia ukimwambia, "Kevo, acha nikuambie mapema ndio usishangae. Mimi hutoka leni. Kwa kona nakuwanga na shida, naangukia kushoto. Kwa hivyo nishike karibu kabisa. Hata ukinivuta kidogo sitakasirika."

Yeye akasema, "Kuvuta hairuhusiwi, si unajua. Lakini mbona kwa ile klipu kocha alinitumia naona ukikimbia poa tu? Hiyo kona nitaiangalia tena."

Ukacheka. Ukasema, "Iangalie vizuri. Hapo ndipo nilimharibia mzee wangu."

Mama, hukuniharibia. Huwa hutoki leni. Siku ile Nairobi hukukanyaga mstari wowote, si kwenye kona ya kwanza wala ya pili. Kushoto kwako kulikuwa na nafasi ya kutosha mpaka mwisho. Tuliondolewa kwa sababu yangu. Nilivuka mstari wa mwisho mbele yako.

Nimeliandika na bado niko hapa, basi haliondoki. Sasa wacha nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu ukiulizia wengine utaelezwa bila mimi, na kusema kweli hofu hiyo nayo imenisukuma. Kevo akiangalia ile klipu ataona. Sitaki ufikirie nimepata ujasiri ghafla. Nimekuwa na mwaka mzima wa kukuambia, na ningeweza kukuambia siku yoyote tukifunga viatu.

Unakumbuka tulivyoanza. Ulikuwa umefika Doha karibuni, mama yako anashinda hospitalini, mimi napumzika mchana, na wewe umechoka kukaa ndani ukisikiliza kiyoyozi. Tukaanza kutembea kule Wakrah kando ya bahari kabla jua halijawa kali. Siku moja ukaniambia, "Baba, ukitembea hivi polepole nahisi nimezeeka." Nikafungua kamba ya kiatu changu, nikafunga kitanzi kila upande, kimoja mkononi mwako na kimoja mkononi mwangu, na tukakimbia. Mimi nilikimbia na kiatu kinachopwaya. Wewe ulikimbia ukicheka kwa sauti mpaka ukapaliwa. Baadaye mama yako akatushonea kamba nzuri ya kitambaa, lakini mimi ile ya kiatu ndiyo ninayoikumbuka.

Sheria nilikufundisha mimi. Mwelekezi hamvuti mkimbiaji, hamsukumi, na mkifika mwisho kifua cha mkimbiaji lazima kivuke kwanza. Wewe uliuliza, "Sasa wewe utajuaje usinipite?" Nikajibu kwa kiburi kabisa, "Mimi nitakuwa nakuangalia wewe. Mstari sina kazi nao."

Sasa ile siku ya mchujo. Mita mia nne, jua la Nairobi la kawaida tu ambalo kwetu sisi wa huku lilikuwa baridi. Kona ya kwanza uliichukua vizuri. Ya pili uliichukua vizuri zaidi, hata nikakuambia "safi" na wewe ukaongeza mguu. Tukaingia sehemu iliyonyooka. Kulia kwetu kulikuwa na yule msichana mrefu na mwelekezi wake, nilikuwa nawasikia wakihema. Watu kwenye viti walikuwa wamesimama. Hapo nikauona mstari.

Sijawahi kukuambia mengi kuhusu mbio zangu mimi mwenyewe, zaidi ya kujisifu. Nilisema niliacha kwa sababu ya goti. Goti halikuwa na neno. Nilikimbia mchujo kama huo nikiwa kijana, nikashindwa kwa kifua cha mtu aliyejua kuinama mstarini kuliko mimi, na nikarudi nyumbani nikatafuta kazi ya kuendesha gari. Kwa miaka mingi nikiwa kwenye usukani nimeukimbia ule mwisho upya kichwani, na kila mara nainama kwa wakati, na kila mara napita. Hata hapa Doha, taa ikiwa nyekundu.

Basi nilipouona ule mstari nikatoa kifua. Mwili ulifanya wenyewe, ningependa kusema hivyo, lakini mwili ulifanya nilichokuwa nimeufundisha. Kwa hatua zile za mwisho wewe hukuwepo. Kamba ilikuwa mkononi mwangu, wewe uko upande wa pili wa kamba, ukikimbia kuliko ulivyowahi kukimbia, na mimi nilikusahau. Hilo ndilo linaloniuma kuliko uongo uliofuata. Uongo nilikuwa nimeshauzoea.

Mwamuzi alikuwa mwanamke mmoja mpole mwenye kofia nyeupe. Alinivuta kando, akasema kwa sauti ya chini, "Pole, mzee. Umemtangulia." Hakutaka kuniaibisha. Nikarudi kwako. Ulikuwa umeinama, mikono magotini, bado una kitambaa cha macho, na ulikuwa unatabasamu. Ukasema, "Tumepita?"

Nikasema tumeondolewa.

Ukauliza, "Nimefanya nini?"

Mama, hukuuliza "tumefanya nini." Hukuuliza "kumetokea nini." Uliuliza wewe umefanya nini, na mlango ulikuwa wazi mbele yangu, nikapita. Nikasema, "Kona. Ulikanyaga kushoto." Nilijibu haraka sana. Ningechelewa hata kidogo tu, labda ningesema kweli.

Ukasema, "Pole, Baba." Ukanitafuta mkono, ukaushika, ukasema tena pole. Kwenye ndege ya kurudi uliniambia kwamba mara nyingine hutaniangusha. Nilijifanya nimelala.

Nilidhani ni neno la siku moja. Nilidhani utalisahau, tutafanya mazoezi, tutarudi mwaka unaofuata, tutapita, na litazikwa hapo. Sikujua kama utalichukua na kuliweka mwilini mwako. Kuanzia wiki ile ile ulianza kunibana bega kwenye kona. Mkono wako wa kushoto, ambao ulikuwa unarushwa vizuri, ukaanza kuubana mbavuni kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba. Hatua zako zikafupika. Saa nilikuwa nayo mimi, nikaona muda wako unaharibika, na wewe ukaniuliza, "Bado natoka?" Nikasema, "Kidogo."

Kidogo, nikasema.

Kisha tukaenda kule kwenye maegesho ya maduka, asubuhi za Ijumaa yakiwa matupu, tukawa tunazunguka zile nguzo za taa ili kukurekebishia kosa ambalo hukuwa nalo. Ulizunguka mpaka nyonga ikakuuma, mama yako akawa anakukanda na mafuta na kuniambia mimi ni mkali mno. Wewe ukanitetea. "Mwache, Mama, anataka nipite." Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye kochi. Nikaomba chumvi, na hata chakula chenyewe kilikuwa hakijaja mezani.

Kuna jingine. Si kweli kwamba kampuni ilininyima likizo. Sikuomba likizo. Timu ilipokuchagua kwa kuiangalia ile klipu ya mchujo, kocha alinipigia mimi kwanza. Alisema, "Huyu msichana tunamtaka. Lakini mwelekezi tutampa wetu. Unanielewa, mzee." Nilimwelewa. Nikazima simu, nikaja kukuambia msimamizi wangu amekataa kata kata. Ukakasirika kwa ajili yangu. Ulitaka nikupe namba yake umpigie, ukafanya mazoezi ya Kiingereza cha kumwambia, cha heshima lakini chenye meno. Maskini yule msimamizi, Mhindi wa watu, hajui mpaka leo kwamba nyumbani kwangu anaitwa mtu asiye na roho. Kila mwaka huniuliza kama nataka likizo.

Na ile jezi ilipofika, uliyoletewa na yule dada wa kanisani, uliniomba nikuelezee rangi zake. Nikakueleza nyeusi, nyekundu, kijani, na jina la nchi kifuani. Ulipitisha vidole juu ya kila herufi. Halafu ukasema, "Ingekuwa mbili." Nikatoka nje nikasema naenda kuangalia gari. Nilikuwa na wivu, mama. Wivu wa mtu mzima kwa Kevo, kijana ambaye sijawahi kumwona, kwa sababu atavaa ile jezi na mimi nilikuwa nimeshaivaa kichwani mwangu.

Nimekaa hapa nikijiuliza uongo huu ulianzia wapi, maana haukuanzia Nairobi. Nafikiri ulianza siku nilipojipa kazi ya kukuchagulia cha kujua. Watu wakitukodolea macho kule Wakrah, nilikuwa nakuambia wanatupungia mkono. Mtu alipoturekodi na simu akicheka na wenzake, nilikuambia wanatushangilia, na wewe ukainua mkono ukawapungia. Nilijisifu moyoni kwamba nakulinda. Ukweli ni kwamba mimi ndiye nilikuwa sipendi kutazamwa.

Unaikumbuka ile siku ya michezo ya kampuni, hapa hapa Industrial Area? Ulikuwa umevaa viatu vyako vipya tangu alfajiri. Tulipofika nikaona wenzangu, madereva wote, mafundi, wamejipanga kwenye kamba za uwanja, na nikawaza watakavyonionea huruma wakiniona nimefungwa kitanzi na binti yangu. Nikakuambia tumechelewa, mbio zimekwisha. Ukasimama pale, kichwa ukakiinamisha kidogo kama unavyofanya ukisikiliza. Ukasema, "Lakini Baba, mbona nasikia filimbi?"

Nikasema ni filimbi ya mpira.

Tulikula biriani ya bure, tukarudi nyumbani. Nafikiri ulijua. Nafikiri ulijua na ukaniachia, na mimi badala ya kuona aibu nikajifunza kwamba utaniachia. Hivyo ndivyo nilivyopata ujasiri wa kusema "kona."

Kwa hiyo kama kuna neno moja la kukupa, mimi ambaye sina haki sana ya kutoa maneno, ni hili: usimwachie mtu. Si Kevo, si kocha, si daktari, si mchumba atakapokuja. Uliza. Ukijibiwa, uliza na mwingine aliyekuwepo. Na mtu akikujibu haraka sana jambo linalokuumiza, hapo hapo mwulize tena. Wakikuona msumbufu, wacha wakuone msumbufu. Nimekujua miaka yako yote na usumbufu wako ungeniokoa mara nyingi.

Na kuhusu kona. Ukifika kambini, siku ya kwanza kabisa, mwambie Kevo ulikosea kumwambia vile. Mwambie ni mzee wako alikosea. Halafu kimbia mbali naye kadiri kamba inavyoruhusu. Bega lako ulitoe kwake. Mkono wa kushoto uuachie urushwe wote, haugongi kitu, hapana ukuta pale. Mwanzoni utaona kama unaanguka, kwa sababu nilikufundisha mwaka mzima kuogopa upande huo. Hofu hiyo itapita. Ulikuwa unajua kukimbia kona kabla sijakuharibu, na mwili wako bado unajua, nimeuona ukijisahau siku mbili tatu ukikimbia vilevile kama zamani, na siku hizo sikukuambia chochote. Ningekuambia "safi" ningelazimika kueleza.

Usifanye haya kwa ajili yangu. Hili nalisema kwa sababu nakujua, utataka kushinda ili unipoze moyo. Usinibebe kwenye mbio zako. Nilishazipanda mara moja na uliona kilichotokea. Hapana, hukuona, nilikuficha, na sasa nimekuambia.

Kuna jambo la mwisho, na hili nimeshindana nalo tangu niketi. Simu hii inaweza kutuma ujumbe kwa saa unayoitaka yenyewe. Nilikuwa nimeshaipanga. Ujumbe ungeingia ukiwa angani, ungeusikia Nairobi ukishuka, na mimi ningekuwa nimeshakuaga vizuri, umenikumbatia, umeniita mzee wako, umenishika kiwiko mpaka pale wanapotukataza kuendelea. Nilitaka sana hiyo asubuhi. Ningekaa nayo miezi yote utakayokuwa huko, na baada ya mashindano chuo, na sijui ni lini utarudi kukaa chini ya paa moja na sisi.

Lakini hiyo nayo ingekuwa kuinama mstarini. Ningekuwa nimepata changu mbele yako tena. Kwa hiyo nimeifuta ile saa. Natuma sasa, kabla sijawasha basi, uusikilize ukitoka kwa Mama Wambui au ukiamka, uwe na nafasi ya kuninunia nikiwa karibu, au kunipigia kelele, au kunyamaza, ingawa kunyamaza kwako nakuogopa kuliko kelele.

Sitakuuliza kesho kama umenisamehe. Sitaki unijibu "pole, Baba" kwa mazoea. Nitaandaa chai, nitaweka mabegi kwenye gari, nitaendesha. Tukifika uwanja wa ndege, kama hutaki kushika kiwiko changu, shika cha mama yako, wala usitafute maneno ya kunieleza. Mimi nitabeba mabegi. Unajua mlio wa viatu vyangu kwenye sakafu yoyote, hutahitaji kuuliza niko wapi.

Nitakuwa nyuma yako.

Baba